Austria na Milango Miwili ya 1866

Kuungana kwa Ujerumani na kuungana kwa Italia husimuliwa kama hadithi pacha: Bismarck wa Prussia huku, Cavour wa Piemonte kule. Upacha huo hulegea mara tu ukiitazama Austria, iliyosukumwa nje ya nchi zote mbili katika kiangazi kimoja cha 1866.

Italia ilimjua Mwaustria kama mtawala mgeni. Piemonte ilipotangaza vita dhidi yake, haikuwa na haja ya kueleza adui ni nani. Ujerumani mambo yalikuwa magumu zaidi. Tangu 1815 Austria ndiyo iliyokalia uenyekiti wa Shirikisho la Ujerumani, na mkazi wa Vienna alijihesabu Mjerumani kama wa Berlin. Prussia ilianza kumng'oa mwenyekiti huyo kimyakimya, kwa biashara: Umoja wa Forodha wa 1834 uliyaunganisha masoko, Austria ikabaki nje. Silaha zilipofuata, Bavaria, Saxony na Hannover zilisimama upande wa Austria. Vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 3 Julai, karibu na Königgrätz, askari wa Prussia aliweza kujaza bunduki yake kwa nyuma, akiwa amelala chini. Mwaustria ilimbidi ashindilie risasi kupitia mdomo wa mtutu, kwa kawaida akiwa amesimama, kifua wazi. Lakini Austria hiyohiyo ilikuwa imewashinda Waitalia, waliopigana upande wa Prussia, huko Custoza siku tisa kabla! Venezia, iliyokuwa ya Austria, ilikwenda Italia kwa mkono wa Napoleon III wa Ufaransa, si kwa ushindi wa Waitalia wenyewe.

Baada ya ushindi wa Prussia huko Königgrätz, Mfalme wake Wilhelm alitaka kusonga mbele na kumega ardhi ya Austria. Bismarck akampinga kwa nguvu zote. Hakuwa mpole: mfalme wa Hannover alinyang'anywa nchi nzima. Austria, hata hivyo, aliiona kuwa mshirika wa kesho, na naona hapo ndipo alipowazidi wenzake wote kwa kuona mbali. Mwaka 1879 Ujerumani, iliyokwisha kuungana chini ya Prussia, ilifunga mkataba wa ushirika na Austria. Italia ilijiunga nao 1882, ila Trento na Trieste zilikuwa bado mikononi mwa Austria, na dai hilo halikufa. Mwaka 1915 Ujerumani ilikuwa ikipigana bega kwa bega na Austria. Italia ikaitangazia Austria vita.