Tumbawe hili au tumbawe huyu?

“Mwalimu, mawe yanataka taa za nini?” Fundi wa umeme hapa Eldoret aliuliza akikazia macho tangi la maji ya chumvi la lita 600 lenye matumbawe. Sikushangaa. Kuta za Lamu zilijengwa kwa matumbawe, neno likazoeleka kama jina la jiwe. Kumbe tumbawe ni mnyama! Mwilini mwake huishi vimwani visivyoonekana kwa macho, vinavyomlisha kwa nguvu ya mwanga. Vikimtoka, hupauka.

Kwa tangi refu chagua taa kadhaa zenye buluu ya kutosha, rangi inayozama mbali baharini; taa moja huacha pembe gizani. Mwanga uongezwe polepole.

La ukutani ni tumbawe hili. Aliye hai tangini, sema tumbawe huyu.