Barua pepe zilizoanza safari kwenye disketi

KABLA ya simu za kisasa kuenea, wakazi wengi wa Kinondoni na Temeke waliokuwa na barua pepe nzito ya kutuma, kama ombi la kazi au la chuo, hawakuiandika moja kwa moja mtandaoni. Waliichapa kwanza katika programu ya maandishi kama WordPerfect au Microsoft Word, wakaisoma upya, wakaihifadhi kwenye disketi, ndipo wakaenda kuituma.

Sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Katika vibanda vya intaneti, mteja alilipia muda aliokaa mbele ya kompyuta, si idadi ya barua alizotuma. Asiyezoea kibodi angeweza kumaliza nusu saa akitafuta herufi. Aliyekuja na barua iliyokwisha kuchapwa nyumbani, ofisini au kwenye duka la steshenari alihitaji dakika chache tu: kufungua, kunakili, kubandika na kutuma. Disketi ya megabaiti 1.44 ilitosha kubeba mamia ya kurasa za maandishi matupu.

Sababu ya pili ilikuwa usalama wa maandishi. Hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na nje yalitegemea zaidi setilaiti, na kasi yake ilikuwa ndogo. Mwaka 2006 nchi ilipita katika mgawo mkali wa umeme uliotokana na ukame. Umeme au mtandao ulipokatika, barua iliyoandikwa ndani ya ukurasa wa mtandao ingeweza kupotea yote. Iliyohifadhiwa kwenye disketi ilibaki.

Utaratibu huo haukuwa mgeni. Mtandao wa FidoNet, ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings, ulifanya kazi kwa namna hiyohiyo: ujumbe uliandikwa kwanza, ukakusanywa, kisha ukatumwa kwa mkupuo kupitia simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife la Marekani ulitumia njia ya aina hiyo kuwaunganisha wataalamu wa afya wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na mtego wake, na Kiswahili kiliuonja. Maneno ya Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu yake, hivyo husafiri salama katika karibu kila kompyuta. Kasoro iko kwenye ritifaa, ile alama inayotenganisha ng' na ng. Word huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi. Kwenye kompyuta isiyoitambua alama hiyo, au inayoisoma kwa mfumo mwingine wa herufi, Chang'ombe hugeuka “Chang?ombe” au “Changâ€™ombe”. Kwa mwombaji wa kazi, jina la mtaa au la ukoo liliweza kumfikia mwajiri likiwa limeharibika, na mwenye barua asijue.

Tatizo jingine lilikuwa msahihishaji wa tahajia. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza iliyapigia mstari mwekundu maneno ya Kiswahili yaliyo sahihi, na mara nyingine iliyabadilisha yenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili na inayopatikana bila malipo.

Leo huduma nyingi za barua pepe huhifadhi rasimu zenyewe, na hofu ya kupoteza barua imepungua. Lakini kuandika kwanza pembeni bado kuna manufaa. Mwandishi hupata nafasi ya kutulia, na barua haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya kabla haijakamilika. Anayetaka kuepuka alama zilizoharibika atumie programu ya maandishi matupu kama Notepad, au azime ubadilishaji wa ritifaa katika Word. Kisha, kabla ya kuwatumia wengine, ajitumie nakala moja na kuisoma kwenye kifaa kingine, akianza na majina ya watu na mahali.