Aliyebaki na Mtoto: Historia ya Kwenda Kusoma Nje (Sehemu ya 4)

 Nilikuwa nimeahidi wiki hii tuongee historia ya chanjo. Chanjo itasubiri. Kuna meseji imeninyima usingizi, na kwa mtu anayetoka zamu ya usiku mjue hilo si jambo dogo.

Ni mama mmoja wa Manyoni. Muuguzi mwenzangu, ila yeye ana digrii, mimi nina diploma. Amepata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, kuanzia Septemba, na chuo chenyewe kitamlipia ada. Mwanawe ana miezi minane. Ameuliza maneno machache tu: "Dada nesi, niende au nibaki?"

Sikumjibu siku ile. Nikaanza kusoma habari za waliokwenda kabla yetu, na katika kusoma nikajikuta namtafuta mtu mwingine kabisa. Sikuwa namtafuta aliyeondoka. Nilikuwa namtafuta aliyebaki.

Tuanze na Mwalimu, maana mtu yeyote akitaka kukusukuma uende atakutajia Mwalimu. Julius Nyerere alimaliza Makerere mwaka 1945 akiwa na diploma ya ualimu. Ndiyo, diploma. Wakati ule Makerere ilikuwa bado haitoi digrii. Akaenda kufundisha St. Mary's pale Tabora, jirani zetu, na huku anafundisha anajisomea mtihani wa London Matriculation, maana bila huo diploma yake isingemfikisha chuo kikuu cha Ulaya. Padri Richard Walsh wa shule ile alimtia moyo, na serikali ya kikoloni ikampa ufadhili. Aprili 1949 akasafiri kwa ndege mpaka Southampton, kisha akaenda Edinburgh, Uskoti.

Hapa ndipo wengi hatupaoni. Alipofika hakuingia darasani kama mwanafunzi kamili kesho yake. Alipitishwa kwanza kwenye masomo mafupi ya kemia na fizikia, akafanya na mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vya Uskoti. Digrii aliianza Oktoba 1949, akahitimu Julai 1952. Cheti chake kinasomeka Master of Arts, na watu husema Mwalimu alikwenda kuchukua uzamili. Kwa utaratibu wa Edinburgh hiyo ilikuwa digrii ya kwanza. Jina la cheti lisikudanganye, la kwao wala la kwetu. Ndiyo maana leo ukirudi na shahada ya nje unapita TCU waitambue kwanza.

Ngoja niseme la kwangu hapa, japo linaniuma. Miaka michache nyuma kuna wakala aliniambia kwa diploma yangu ya uuguzi nitaingia moja kwa moja kwenye uzamili Ulaya, kwa sababu nina uzoefu wa wodini. Nikampa laki tisa. Zilikuwa hela za alizeti za mama yangu na mkopo wa kikoba. Chuo kikajibu kwa adabu sana kwamba hawaoni digrii ya kwanza kwenye nyaraka zangu. Wakala akabadilisha namba. Ningekuwa nimesoma habari za mwalimu wa Tabora na mtihani wake, ningejua kwamba kati ya diploma na huko kuna daraja, na hakuna mtu wa kukurusha juu yake kwa laki tisa. Mlionitumia meseji mkiuliza swali hilohilo, jibu langu ndilo hilo: digrii kwanza, na sasa hivi hata hapa nchini unaipata.

Turudi kwa aliyebaki. Krismasi ya 1948, miezi michache kabla ya safari, Nyerere alikuwa amekubaliana uchumba na binti mmoja mwalimu, Maria. Akaondoka Aprili, akarudi Oktoba 1952. Hesabu mwenyewe: miaka mitatu na nusu. Hakuna simu ya kuona sura wala meseji ya sauti, ni barua tu. Wakafunga ndoa Musoma, Januari 1953. Sisi tunasimuliwa Edinburgh. Miaka mitatu na nusu ya Maria akiwa binti aliyechumbiwa, na ndugu wanauliza "huyo mtu wako atarudi lini", haisimuliwi. Nyie mnaojua vijiji vyetu mnajua uzito wake.

Kisha ikaja 1959. Kenya ilikuwa inausogelea uhuru na waliokuwa na digrii walikuwa wachache mno. Tom Mboya akazunguka Marekani akiomba nafasi vyuoni na nauli. Septemba mwaka huo ndege iliyokodiwa ikaondoka Nairobi kwenda New York na vijana 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na ndege zikaendelea, zikabeba mpaka vijana wa Tanganyika na Uganda. Nauli ililipwa, lakini nyumbani watu walichanga. Kuku waliuzwa, na mbuzi, harambee zikapigwa, ili kijana asishuke kule na koti la kuazima.

Wengi wanadhani baba yake Barack Obama alikuwa kwenye ndege ile. Hakuwemo. Alikwenda mwaka huohuo kwa njia yake. Alikuwa ametoka Maseno bila kumaliza, akajisomea kwa posta, na mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akifanya naye kazi ya elimu ya watu wazima Nairobi, Elizabeth Mooney, akamsaidia kutuma maombi vyuoni. Hawaii wakamkubali. Akamaliza digrii, akapata nafasi ya masomo ya juu Harvard mwaka 1962, akaenda peke yake. Nyuma yake alibaki mke na mtoto mdogo, ambaye dunia nzima inamjua. Na Kenya alikuwa amebaki Kezia, mke wa kwanza, ambaye siku mumewe anaondoka mwaka 1959 alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na ujauzito. Auma alizaliwa Januari 1960, baba yuko Hawaii.

Marehemu hawezi kujitetea, kwa hiyo simhukumu. Ila nimezalisha kina mama wengi wenye mume aliye mbali. Uchungu unaanza saa nane usiku, na anayeshika mkono ni wifi au jirani. Kwenye historia ya elimu ya nje Kezia anapewa sentensi moja, ukibahatika mbili.

Sasa, hao niliowataja waliondoka wakiwa wanaume, na wanawake ndio waliobaki. Mama wa Manyoni anauliza lililo gumu zaidi: akiondoka mwanamke, nani anabaki?

Wapo wanawake waliotangulia. Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934 Njoro, Moshi, kwa wazazi wakulima. Alisomea uuguzi, wenzangu, uuguzi wetu huuhuu. Lakini hakutaka kuufanya chini ya wakoloni waliokuwa wakibagua watu kwa rangi, akajifunza ukatibu, akafanya kazi kwenye ushirika wa kahawa. Miaka ya mwisho ya 1950 akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, baadaye Michigan, Marekani. Akarudi, akaingia Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika unaibu waziri. Yuko pia Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Huyo alisomea Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, akahitimu mwaka 1969. Udaktari kwa Kirusi, jamani! Mimi Kiingereza tu cha kwenye faili kinanitoa jasho. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake, na wengi wenu mmepimwa saratani ya matiti kwenye kampeni zao.

Ila ninayemrudia kila nikisoma meseji ya Manyoni ni Wangari Maathai, Mkenya wa Nyeri. Alikwenda Kansas mwaka 1960 kwa mpango ule wa Mboya na Kennedy. Akachukua digrii, akaunganisha na uzamili wa biolojia Pittsburgh, akamaliza mwanzoni mwa 1966. Akarudi Nairobi, kazi aliyokuwa ameahidiwa akakuta kapewa mtu mwingine. Akapata nyingine, akaenda na Ujerumani kuendelea na utafiti, akarudi 1969, akaolewa. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Wakati huo alikuwa mama tayari, na mwaka huohuo alimzaa binti yake Wanjira. Shahada hiyo hakuipata Marekani wala Ujerumani. Aliimaliza Nairobi, kwenye chuo kilichokuwa na njia ya kumrudisha nyumbani jioni.

Vyuo vya nyumbani ndivyo vilivyobadilisha hesabu. Kabla ya 1961 Mtanganyika aliyetaka digrii ilibidi avuke mpaka, Makerere au mbali zaidi. Mwaka huo chuo kikafunguliwa Dar es Salaam kikianza na sheria, na mwaka 1963 shule ya udaktari ikaanza Dar. Na nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana mwaka 1959 juu ya ufadhili wao wa kubadilishana wasomi, ambao upo mpaka leo, na sasa wana na ufadhili wa uzamili wa masafa: unasoma chuo cha Uingereza ukiwa kwako Itigi, bando lako na usingizi wako. Unachosha, sikufichi. Lakini mtoto unamwona akiota meno.

Sasa dada yangu wa Manyoni, nakujibu.

Kwanza ulisema labda utakwenda na mtoto na mumeo. Tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa darasani kuleta mwenza wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wa shahada za utafiti na wanaolipiwa na serikali, yao au ya kwetu. Wewe unalipiwa na chuo. Kwa hiyo kwa barua uliyo nayo, mtoto habebiki. Kama kuna mtu anakwambia "utaombea kulekule", huyo ni ndugu yake wakala wangu.

Pili, nakusemesha kama nesi. Septemba mwanao atakuwa na mwaka mmoja. Tunashauri anyonye mpaka miaka miwili au zaidi. Wa mwaka mmoja akiachishwa hafi, anakula chakula cha familia, ila kuachisha ni kazi ya wiki kadhaa, siyo ya siku ya kwenda uwanja wa ndege. Na maziwa yakijaa ghafla ukiwa peke yako kwenye baridi ile, utayajua maumivu. Ukiamua kwenda, anza kupunguza Julai, na anayebaki naye ndiye aanze kumlisha na kumlaza kuanzia sasa. Usingoje uondoke.

Tatu, huyo anayebaki. Umeandika mistari mingi juu ya chuo, visa, kipimo cha kifua kikuu, benki. Juu ya mtoto umeandika "mama yangu atanisaidia". Mama yako ana umri gani? Ana presha? Msimu wa kuvuna analala shambani? Nani atalipia maziwa, na nani atampeleka kliniki? Mumeo amesema nini kwa kinywa chake? Maria alisubiri akiwa hana mtoto mgongoni. Kezia alibaki na mtoto na ujauzito. Mama yako muulize, akiwa amekaa, siyo kwa simu.

Mwaka mmoja siyo miaka mitatu na nusu, hilo nalo ni kweli, na Lucy na Esther tungewakosa kama wote wangebaki. Kwa hiyo sikwambii usiende. Nakwambia kuna jambo la katikati ambalo hukuliuliza: kuahirisha. Vyuo vingi hukubali kukutunzia nafasi mpaka mwaka unaofuata ukiomba mapema. Ufadhili ndio mgumu, mwingi hauahirishwi, unaomba upya. Waandikie swali moja tu: nikiahirisha nafasi, na ada mliyoniahidi inabaki? Wakijibu ndiyo, mtoto atakuwa na miaka miwili unapoondoka. Wakijibu hapana, angalau utakuwa unaamua ukijua bei.

Barua hiyo iandikwe kabla ya tarehe yao ya mwisho ya kukubali nafasi. Angalia chini kabisa ya ukurasa wa pili, huwa wanaificha huko. Ukitaka tuiandike pamoja, nipigie. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, saa nne hadi saa tano huwa wodi imetulia.