Thomas Ulimwengu

Thomas Ulimwengu (alizaliwa 14 Juni 1993) ni mchezaji wa soka kutoka Tanzania anayecheza nafasi ya ushambuliaji. Anajulikana zaidi kwa miaka aliyoitumikia TP Mazembe ya Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa pamoja na Mtanzania mwenzake Mbwana Samatta. Amecheza pia Uswidi, Bosnia na Herzegovina, Sudan na Algeria.

Mwanzo

Ulimwengu alilelewa kisoka katika kituo cha vijana cha Tanzania Soccer Academy. Wachezaji wengi wa Tanzania hupata jina kwanza Simba au Yanga ndipo wauzwe nje. Yeye hakupita huko. Akiwa bado kijana alikwenda Uswidi katika klabu ya Athletic FC, na mwaka 2011 akajiunga na TP Mazembe.

TP Mazembe

Samatta alihamia Mazembe mwaka huohuo akitokea Simba. Mwaka 2013 timu yao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na CS Sfaxien ya Tunisia kwa jumla ya mabao 3-2.

Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani. Lilikuwa taji la tano la klabu hiyo katika mashindano hayo. Desemba mwaka huo ilishiriki Kombe la Dunia la Klabu nchini Japani.

Januari 2016 Samatta alihamia Genk ya Ubelgiji, Ulimwengu akabaki Lubumbashi. Mwaka huo Mazembe ilipangwa kundi moja na Yanga katika Kombe la Shirikisho, ikaifunga nyumbani na ugenini, na mwishowe ikachukua kombe kwa kuishinda MO Béjaïa ya Algeria.

Kuhamahama

Mwaka 2017 Ulimwengu alirudi Uswidi kujiunga na AIK ya Stockholm. Jeraha la goti lilimzuia kujijenga huko, na safari yake ya Ulaya haikufika alikofika mwenzake. Baadaye alichezea Sloboda Tuzla ya Bosnia na Herzegovina, Al-Hilal ya Omdurman, Sudan, na JS Saoura ya Algeria, kisha akarejea Mazembe. Mwaka 2023 alijiunga na Singida Fountain Gate ya Ligi Kuu Tanzania Bara.

Timu ya taifa

Katika Taifa Stars, Ulimwengu na Samatta walizoeleka kuongoza mashambulizi pamoja. Tarehe 24 Machi 2013 Tanzania iliifunga Morocco 3-1 jijini Dar es Salaam, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2014. Ulimwengu alifunga bao la kwanza na Samatta mawili. Mwezi Juni mwaka huo alifunga pia dhidi ya Côte d'Ivoire, mechi ambayo Tanzania ilipoteza 4-2.

Alikuwemo katika kikosi cha Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2019 nchini Misri, ambako nchi ilishiriki kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980.

Mataji

- Ligi ya Mabingwa Afrika: 2015 (TP Mazembe)
- Kombe la Shirikisho Afrika: 2016 (TP Mazembe)