Nani Akimbie na Wanawake? Historia Fupi Kutoka Rio

Mimi bado nipo Kilolo kwa mazoezi ya kufundisha, na baridi ya huku si mchezo. Leo tuongelee historia ya riadha. Kwenye michezo ya shule, binti akiwaacha wenzake mbali tu, utasikia: "Huyo dume!" Watu wanacheka, yanaisha. Ila kuna wanawake ambao kwao hayakuisha.

Rio 2016, fainali ya mita 800. Dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini (1:55.28), fedha Francine Niyonsaba wa Burundi (1:56.49), shaba Margaret Wambui wa Kenya (1:56.89). Waafrika watupu! Wa nne alikuwa Melissa Bishop wa Kanada. Alikimbia 1:57.02, rekodi ya nchi yake, akaondoka bila medali. Ukimsahau huyu hutaelewa kwa nini mjadala ni mgumu.

Tuelewane kwanza: hao watatu hawakubadili jinsia. Walizaliwa na kulelewa kama wasichana, ila miili yao hutoa testosteroni nyingi kuliko kawaida ya wanawake.

Na kupimana hakukuanza kwao. Olimpiki ya Mexico 1968 wanawake walipimwa kromosomu, zoezi lililoachwa 1999. Mwaka 2009, Semenya akiwa na miaka 18, dunia nzima ilijua kuwa anachunguzwa jinsia saa chache kabla ya fainali yake Berlin. Annet Negesa wa Uganda alizuiwa kwenda London 2012, akafanyiwa upasuaji ambao baadaye alisema hakuelezwa vya kutosha. Shirikisho la riadha lilikana kuhusika na upasuaji huo.

Mwaka 2019 ikawa sheria: kuanzia mita 400 hadi maili, ushushe homoni au uache. Semenya na Wambui walikataa dawa. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 (5:21.56). Mwaka 2023 masharti yakabanwa zaidi na kugusa mbio zote, na wanawake waliobadili jinsia baada ya kubalehe kama wavulana wakazuiwa kabisa kwenye mashindano ya kimataifa. Septemba 2025 kikaanza kipimo cha jeni, mara moja maishani, kwa kila mwanamke anayetaka kushiriki mashindano ya dunia.

Mimi naona mbio za wanawake lazima zilindwe, la sivyo akina Bishop wataenda wapi? Lakini kulinda mbio ni jambo moja, kumwanika binti wa miaka 18 mbele ya dunia ni jingine. Wambui mwenyewe mwaka 2021 alipendekeza kundi la tatu, ili wenye miili kama yake nao wakimbie. Hata kama hukubaliani naye, angalau yeye aliwaza pa kuwapeleka, si kuwatoa tu.

Walimu watarajiwa, ndio sisi tutakaoshika filimbi UMISSETA. Mwili wa mwanafunzi si mada ya uwanjani. Neno "dume" likomee kwetu.

Mnasemaje wadau? Karibuni tubishane, kistaarabu lakini!