Sanaa za Ufundi na Usanifu: Masomo ya Chuo Kikuu kwa Mwanafunzi wa Songea

Masomo ya sanaa za ufundi na usanifu ni elimu ya juu inayomfundisha mwanafunzi kuchora, kuchonga, kufinyanga, kuchapa na kusanifu vitu kwa mikono yake, huku akisoma historia na nadharia ya kazi hizo. Sehemu kubwa ya masomo hufanyika karakanani, na kazi iliyokamilika hupewa uzito mkubwa katika upimaji wa mwanafunzi. Kijana wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, anayetaka kuyasoma kwa ngazi ya shahada kwa kawaida hufunga safari hadi Dar es Salaam, takriban kilometa 950, au hadi Dodoma.

Umbali huo usimdanganye mtu akadhani Ruvuma ni mkoa usio na sanaa. Mkoa huu una mafundi, una malighafi, na umelipatia taifa jina moja kubwa kupita yote katika uchoraji wake.

Asili ya sanaa mkoani Ruvuma

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Aliondoka kutafuta kazi Tanga, kisha Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao laini za kiwandani. Hakuwahi kuingia darasa la sanaa. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam, akiwa amefundisha ndugu na marafiki wachache. Wanafunzi wake na warithi wao waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika chenye jina lake. Leo picha za Tingatinga zinajulikana duniani kote.

Katika mji wa Songea wenyewe ipo Makumbusho ya Majimaji, iliyofunguliwa mwaka 1980. Huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, hasa viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa katika adhabu hizohizo. Sanamu za viongozi hao zilizopo hapo ni somo tosha la uchongaji wa umma: namna uso wa mtu unavyogeuzwa kuwa kumbukumbu ya watu wote.

Peramiho, kilometa zipatazo 24 kutoka mjini, Wabenedikto walianzisha misheni mwaka 1898. Pamoja na kanisa na hospitali, walijenga karakana za useremala na fani nyingine, na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Vijana wengi wa Ruvuma walijifunza hapo kupima, kukata, kupanga kurasa na kumaliza kazi kwa usafi. Huo ni usanifu, hata kama haukupewa shahada.

Zaidi ya hayo ipo miti ya mpingo katika misitu ya Namtumbo na Tunduru, upo udongo wa kufinyangia, na kuna kina mama wanaojua kuutumia. Mkoa pia unapakana na Msumbiji, asili ya wachongaji wengi wa Kimakonde waliovuka Mto Ruvuma kuja Tanganyika katika karne ya 20.

Historia ya masomo haya Afrika Mashariki

Elimu ya juu ya sanaa katika ukanda huu ilianzia Makerere, Uganda. Margaret Trowell, mwalimu kutoka Uingereza, alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na shule aliyoiasisi baadaye ikapewa jina lake. Alitaka wanafunzi wachore maisha wanayoyajua: shamba, soko, sherehe na masimulizi ya kwao.

Miongoni mwa Watanganyika waliopita hapo ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Baada ya Makerere alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, kisha akarudi kufundisha. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua mchoro wake unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ntiro pia alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London baada ya uhuru.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na idara ya sanaa za maonyesho miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1970 sanaa za ufundi na muziki zikaingizwa katika idara hiyohiyo. Ntiro alifundisha hapo, pamoja na Elias Jengo, mhitimu mwingine wa Makerere aliyelea vizazi kadhaa vya wachoraji na walimu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kilifungua njia ya ngazi ya cheti na stashahada. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimekuwa na shahada ya sanaa na usanifu, na Chuo Kikuu Ardhi hufundisha usanifu wa majengo na wa ndani ya nyumba. Nje ya mipaka, Watanzania huweza kuomba Makerere, Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Yanayofundishwa

Shahada ya sanaa kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hujengwa juu ya uchoraji wa penseli na makaa: umbo, uwiano, mwanga na kivuli, na namna ya kuonyesha umbali kwenye karatasi bapa. Mwanafunzi hujifunza pia tabia za rangi, yaani jinsi nyekundu, njano na buluu zinavyozaa nyingine, na jinsi rangi moja inavyobadilika machoni ikikaa jirani na nyingine.

Baada ya hapo huchagua fani. Katika uchongaji hukutana na mti, jiwe, saruji na udongo. Mpingo humfundisha subira: ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na kipande kilichokatwa vibaya hakirudishwi. Katika ufinyanzi hujifunza kwa nini chungu kilichochomwa kwa kuni uwanjani huvujisha maji kidogo. Moto wa wazi mara nyingi haufiki joto la kuufanya udongo ushikamane kabisa. Tanuri hufika, na mng'ao wa kioo unaopakwa juu huziba vitundu. Katika nguo hujifunza batiki, ambapo nta huzuia rangi isiingie mahali fulani, na uchapaji kwa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia matundu ya kitambaa kilichozibwa kwa kufuata mchoro. Katika usanifu wa picha na maandishi hutengeneza nembo, vifungashio, mabango na majalada ya vitabu kwa kompyuta.

Kipindi kinachowashtua wageni wengi ni cha uhakiki. Kazi hutundikwa ukutani, aliyeifanya husimama mbele ya mwalimu na wenzake, nao huijadili bila kumwonea haya. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kutetea alichokifanya na kukubali kinachohitaji kufanywa upya. Masomo hufungwa kwa maonyesho ya kazi za mwisho.

Maandalizi na kujiunga

Sharti la kwanza ni ufaulu unaotakiwa na chuo husika kwa kufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu. Sanaa za ufundi zimo katika mitihani ya taifa ya sekondari, lakini shule zenye mwalimu na vifaa vya somo hilo ni chache, na wanafunzi wengi hufika chuoni wakiwa wamejifundisha. Mtaala mpya unaopanua masomo ya amali, pamoja na tahasusi za sanaa zilizotangazwa mwaka 2024 kwa kidato cha tano, unatoa nafasi ya kulirekebisha hilo. Maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Muombaji akumbuke kwamba rangi, karatasi, turubai na patasi ni gharama halisi zinazohitaji kupangiwa mapema.

Jambo linalomsaidia mwanafunzi wa Songea kuliko yote ni kujijengea jalada la kazi kabla ya kuondoka nyumbani. Daftari lisilo na mistari na penseli vinatosha kuanzia. Achore sanamu za Makumbusho ya Majimaji kutoka pande zote, achore watu sokoni na stendi, achore vilima vya Matogoro asubuhi na jioni aone mwanga unavyovibadili. Aketi na mfinyanzi, amuulize udongo anautoa wapi na anaupimaje. Kila kazi aiandikie tarehe.

Kazi baada ya shahada

Wahitimu huajiriwa kama walimu, wasanifu katika magazeti, viwanda vya uchapaji na kampuni za matangazo, au wahifadhi wa makumbusho. Wengine hujiajiri. Msanii anayefanya biashara husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi zake hulindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ruvuma yenyewe ina soko lisiloguswa vya kutosha: kahawa ya Mbinga, asali na mchele vinahitaji vifungashio vyenye hadhi, shule zinahitaji vielelezo, kumbukizi za Majimaji za kila Februari zinahitaji mabango, mavazi na sanamu mpya.

Tathmini

Tingatinga alifika alikofika bila darasa, na wapo wanaotumia mfano wake kudai kwamba sanaa haihitaji chuo. Maisha yake yanaonyesha kinyume. Aliacha Tunduru kutafuta kazi, akaanza kuchora akiwa mbali na nyumbani, akafa mapema, na thamani kubwa ya mtindo wake ikaonekana baada ya yeye kuondoka. Mkoa uliomzaa unastahili karakana ya sanaa yenye tanuri, meza za kuchorea na mwalimu aliyehitimu, hata ikianza ndani ya chuo cha ualimu au cha ufundi kilichopo. Wazazi na walimu wakuu wa Songea wanaweza kuanza leo: mtoto anayechora pembezoni mwa daftari apewe karatasi yake, na asichapwe.