Ajali ya ndege ya Yuri Gagarin

Ajali ya ndege ya Yuri Gagarin ilitokea tarehe 27 Machi 1968 karibu na kijiji cha Novosyolovo, mkoa wa Vladimir, nchini Urusi (wakati ule sehemu ya Umoja wa Kisovyeti). Ndege ya jeti ya kijeshi aina ya MiG-15UTI ilianguka ikiwa katika safari ya mazoezi. Waliokuwemo wote wawili walifariki: Yuri Gagarin (miaka 34), binadamu wa kwanza kufika anga-nje, na mkufunzi wake, Kanali Vladimir Seryogin (miaka 45), rubani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Usuli

Baada ya safari ya Vostok 1 tarehe 12 Aprili 1961, Gagarin alirusha ndege mara chache tu. Alishughulika na ziara za nje na mafunzo ya wanaanga, na wakubwa wake hawakutaka kuhatarisha maisha yake. Mwaka 1968 alianza tena mazoezi ya urubani. Katika MiG-15UTI mwanafunzi hukaa mbele na mkufunzi nyuma. Safari ya siku ile ilikuwa ya kumpima kabla ya kuruhusiwa kurusha ndege ya kivita peke yake.

Ajali

Ndege iliondoka uwanja wa Chkalovsky, karibu na Moscow, baada ya saa 4 asubuhi. Anga lilikuwa na mawingu. Mnamo saa 4:30 Gagarin aliarifu kwa redio kwamba amemaliza zoezi, akaomba kurudi. Baada ya hapo hakusikika tena. Mabaki ya ndege yalikutwa msituni.

Uchunguzi

Taarifa ya tume ya serikali ilifanywa siri, na uvumi mwingi ukaenea, pamoja na madai kwamba marubani walikuwa wamelewa. Hitimisho lililotolewa hadharani mwaka 2011 lilisema kuwa huenda ndege iligeuzwa ghafla ili kukwepa puto la hali ya hewa au kuepuka kuingia mawinguni, ikashindwa kudhibitiwa. Mwaka 2013 mwanaanga Alexei Leonov, aliyeshiriki katika uchunguzi, alieleza kuwa ndege nyingine, Su-15, ilipita karibu mno, na msukosuko wa hewa ukaifanya MiG izunguke kama pia.

Kumbukumbu

Majivu ya marubani hao yalizikwa katika ukuta wa Kremlin, Moscow. Mji wa Gzhatsk, karibu na kijiji alikozaliwa Gagarin, ulipewa jina lake mwaka uleule. Mahali pa ajali pamejengwa mnara wa ukumbusho.